Shukrani za Waliotengwa

Mabati yalifika Jumatatu asubuhi, watoto wakiwa shuleni, na hiyo ndiyo adabu pekee aliyoionyesha mwenye mabati. Waliporudi jioni, uwanja wao ulikuwa umezungushiwa bati jipya linalong'aa, na langoni ameketi bawabu mwenye rungu na redio ndogo. Uwanja wenyewe haukuwa wa kujisifia. Upande mmoja nyasi, upande wa pili vumbi, na goli lilikuwa mawe mawili na sweta ya mtu. Lakini waliochora ramani ya mtaa huu wa Buruburu waliacha pale nafasi na kuandika kwamba ni ya watoto, na miaka yote hiyo watoto hawakuwahi kuombwa hati na mtu yeyote.

Nthoki, binti wa Mutunga karani, alikuwa na miaka kumi na mmoja na kamba ya kuruka mkononi. Ndiye aliyetumwa na wenzake aende akaulize.

"Mzee, sasa. Field yetu imeenda wapi?"

"Haijaenda popote," bawabu akasema. "Iko hapa ndani."

"Na sisi?"

"Nyinyi mko hapo nje."

Huwezi kusema mtu huyo alidanganya. Nthoki alirudi kwa wenzake na jibu hilo, wakaenda kucheza barabarani, katikati ya magari yaliyoegeshwa, wakipisha kila gari lililopita na kutukanwa na kila dereva.

Kathini, mama yake, aliyaona yote kutoka dirishani, alikofumia sweta za shule kwa mashine ya mkono. Mumewe alipoingia hakumpa hata nafasi ya kuvua koti.

"Baba Nthoki, umepita pale uwanjani?"

"Nimepita."

"Umeona nini?"

"Mabati."

"Na wewe unafanya kazi wapi?"

Mutunga aliketi akaanza kufungua kamba za viatu, kazi aliyoifanya polepole sana. Alijua swali lile linaelekea wapi. Alikuwa karani katika Idara ya Watoto na Vizazi Vijavyo, idara ambayo wafadhili waliiomba, serikali ikaikubali, na baada ya hapo hakuna aliyejua ifanye nini. Mwishowe ilipewa kazi moja. Kila mpango wa serikali, kabla ya kupanda ngazi kwa wakubwa, ulipita kwa Mutunga ili aongeze sentensi inayosema kwamba masilahi ya watoto na vizazi vijavyo yamezingatiwa. Aliiongeza kwenye barabara, kwenye josho la ng'ombe, hata kwenye ununuzi wa mapazia ya ofisi. Kama watoto wa nchi hii wangekuwa wanakula sentensi, wangekuwa wanene kupindukia.

"Ijumaa Naibu Waziri anakuja kuzindua Sera ya Watoto," alisema. "Na anakuja hapahapa mtaani. Nthoki ndiye atakayesoma shukrani kwa niaba ya watoto wote."

Nthoki aliinua uso kutoka kwenye daftari. Kuchaguliwa kwake kulikuwa na historia fupi. Watoto wa wakubwa wa idara walijaribiwa kwanza, mmoja baada ya mwingine, ikaonekana Kiswahili wanachokijua ni kile cha kumtuma yaya dukani. Ndipo mtu akakumbuka kwamba Mutunga ana binti anayeongoza darasa lake kwa Kiswahili.

"Nitamwambia nini Naibu Waziri?" Nthoki aliuliza.

"Utashukuru."

"Kwa nini na wametunyang'anya field?"

Mutunga alimtazama mkewe, akaona hapati msaada wowote kutoka huko. Kwa hiyo akafanya kosa ambalo wazazi hulifanya wanapochoka, akaahidi. "Soma vizuri," alisema. "Wakubwa wakifurahi, nitamwomba Katibu Mkuu mwenyewe uwanja urudishwe. Mtu mwenye furaha hasemi hapana."

"Kweli, Baba?"

"Nimekwambia."

Nthoki aliamini. Siku iliyofuata mtaa mzima wa watoto uliamini pamoja naye, na kufikia jioni hata mama zao walikuwa wameanza.

*

Bwana Ngigi, mkuu wa idara, alikuwa mtu mnene mwenye kalamu nyekundu. Kalamu hiyo ndiyo iliyompandisha cheo. Hakuna karatasi iliyopita mbele yake bila kupata alama, kwa sababu aliamini kwamba mkubwa asiyesahihisha atafikiriwa hana kazi. Jumanne Mutunga alimpelekea shukrani za watoto, alizoziandika mwenyewe kwa Kiswahili safi, na maneno ya kuandikwa kwenye bango la kitambaa: SERIKALI IMEWATENGEA WATOTO NAFASI YAO.

Ngigi alisoma huku midomo ikimtembea.

"Mutunga, hii bango ni refu. Mwandishi anatuchaji kwa herufi. Unataka tunywe chai gani siku hiyo?"

"Tunaweza kupunguza, mzee."

"Tunaweza, ndiyo." Kalamu nyekundu ilishuka. "Hii 'nafasi yao', toa. Watu watauliza nafasi iko wapi. Na hii 'tengea, tengea' ni Kiswahili ya pwani. Hapa Nairobi tunasema kutenga."

Mutunga alikohoa kidogo. "Mzee, kutenga na kutengea..."

"Si serikali imetenga pesa ya elimu?"

"Imetenga, mzee."

"Hizo pesa zikitengwa zinalia?"

"Hapana, mzee."

"Basi tenga watoto." Akaendelea na karatasi ya shukrani, akikata kila 'tengea' aliyokutana nayo, kwa raha ya mtu anayeua kunguni. "Unaona sasa inavyosomeka? Fupi, inaingia akilini."

Ilikuwa inasomeka, ndiyo. Mutunga aliliangalia lile neno jekundu. Alijua kabisa maana yake. Lakini mwaka huo serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi, na watu waliitwa mmojammoja kustaafu kwa hiari. Hiari hiyo ilikuwa ya namna yake, maana jina lako lilitangulia nayo hiari ikafuata nyuma. Makarani wawili wa ghorofa ileile walikuwa wamekwisha kwenda kwa hiari, mmoja wao akilia. Mutunga alisema, "Ni kweli, mzee, inaingia." Kisha, kwa kuwa tayari alikuwa amejidhalilisha vya kutosha na hakuona hasara ya kuongeza, akauliza juu ya uwanja.

"Uwanja gani?" Ngigi alisema. "Kile si uwanja. Ni nafasi iliyobaki."

"Watoto hucheza pale, mzee. Na mkutano ulipangwa uwe pale."

"Mkutano utakuwa kando yake. Mabati yatazuia upepo." Ngigi alifunika kalamu yake. "Mutunga, wewe ni mtu wa nyumbani, nikwambie. Mwenye kile kiwanja ni mtu wetu. Na usisumbuke na hao watoto. Watoto ni wa kesho. Kiwanja ni cha leo."

Alicheka sana kwa maneno hayo, akasema angependa kuyaweka kwenye hotuba, halafu akafikiri tena akasema ayaache.

*

Jumatano gari la kubeba mawe ya ujenzi lilirudi nyuma kuelekea lango la mabati bila kutazama. Watoto walikuwa wamejipanga barabarani wakicheza kati, na Wanja, rafiki yake Nthoki, alikuwa katikati akikwepa mpira wa makaratasi. Aliukwepa mpira. Gari hakulikwepa. Lilimsukuma likamwangusha, mkono ukavunjika chini ya kiwiko, na dereva akashuka kusema kwamba barabara si mahali pa watoto kuchezea.

"Wachezee wapi?" Waruguru, mama yake Wanja, alimuuliza. Alikuwa na genge la mboga pale kona na alikuja mbio na kisu cha kukatia sukuma bado kiko mkononi, jambo lililomfanya dereva apunguze sauti.

"Mimi, mama, naleta mawe tu."

Waliporudi kutoka hospitali, mkono wa mtoto umefungwa plasta, Waruguru hakwenda kwake. Alikuja moja kwa moja kwa Mutunga, akasimama mlangoni, akakataa kiti.

"Baba Nthoki, mimi sijasoma kama wewe. Lakini msichana wako amewaambia hawa watoto kwamba wewe utaongea na wakubwa."

"Nitaongea."

"Usiongee kama wewe ni wa serikali. Ongea kama wewe ni baba."

"Nimesema nitaongea, Mama Wanja."

"Sawa. Mimi nangojea." Akamshika Wanja kwa mkono ule mzima wakaenda. Kathini aliendelea kuvuta mashine yake ya sweta, kwenda na kurudi, akiivuta kwa nguvu kuliko kawaida.

*

Alhamisi jioni Nthoki alisimama kati ya kochi na meza akafanya mazoezi. Kathini alikuwa ameshusha pindo la gauni lake la kanisani na kulinyoosha. Mutunga alishika nakala iliyopigwa taipu, imesahihishwa, ina muhuri.

"'Sisi watoto tunaishukuru serikali kwa kututenga katika mipango yake,'" Nthoki alisoma, akanyamaza. "Baba, hapa kuna herufi imeanguka."

"Endelea."

"Si ni kututengea?"

"Soma kama ilivyoandikwa."

"Lakini kutengwa ni kama vile Mama Nthambi alitengwa."

Kanisani kwao, mtu akikosea, mzee wa kanisa husimama Jumapili na kusema fulani ametengwa. Mwaka uliopita alitengwa Mama Nthambi, kwa sababu ya kupika pombe uani ili alipe karo. Tangu siku hiyo alikaa benchi la nyuma kabisa karibu na mlango, asiimbe kwaya, asishiriki meza ya Bwana, na watu walimsalimia kwa ncha za vidole. Watoto wote walilijua neno hilo vizuri. Mama zao walikuwa wakiwatisha nalo.

Kathini aliweka pasi chini. "Baba Nthoki, mtoto anasema kweli. Nani ameandika hivi?"

"Imesahihishwa na mkubwa."

"Basi mrudishie mkubwa umwambie."

"Nimwambie nini? Kwamba hajui Kiswahili? Mama Nthoki, unajua wanaitwa watu wangapi kila wiki? Nikienda kwa hiari, hii nyumba ni ya serikali, tutahamia wapi? Tukapange kibanda Mukuru, tuwe tunatembea na miguu kwenda kila mahali?" Sauti yake ilipanda na yeye mwenyewe akaona aibu. Alimgeukia binti yake akasema taratibu, "Mama, wewe soma vile ilivyo. Usiongeze, usipunguze. Wakubwa hawasikilizi maneno, wanasikiliza sauti. Ukisoma kwa sauti nzuri watafurahi, nami nitaomba uwanja."

"Hata kama maana yake ni mbaya?"

"Maana wataiweka wenyewe."

Nthoki alikuwa mtoto mtiifu, na kwa kweli aliutaka uwanja ule kuliko alivyotaka Kiswahili sanifu. Alisoma tena toka mwanzo, kwa sauti nzuri, bila kuongeza na bila kupunguza.

*

Ijumaa hema lilisimamishwa barabarani, nguzo za upande mmoja zimefungwa kwenye mabati ya uwanja, kwa hiyo Ngigi alikuwa amesema kweli kuhusu upepo. Viti vya plastiki vilipangwa. Watoto wa shule walikuja mapema wakajaza safu zote za mbele, wakaambiwa wahame kwa ajili ya wageni. Wakahamia nyuma. Wageni wakaongezeka, watoto wakaambiwa watoke nje ya hema. Mwishowe askari alifunga kamba baina ya miti miwili na kuwasimamisha watoto nyuma yake, juani, ili wasisumbue sherehe yao. Juu ya jukwaa, kwa herufi nyekundu, bango lilisema SERIKALI IMEWATENGA WATOTO, na kila aliyejua kusoma aliweza kuona kwamba ni kweli.

Watu wazima wa mtaa walikuwa wamelisoma tayari na walikuwa wakinong'onezana. Baadhi walidhani ni mzaha wa upinzani. Ngigi alilitazama bango akaridhika. Alisema lina nguvu.

Hotuba zilikuwa nyingi na zote zilikuwa na mustakabali ndani yake. Mzungu mmoja wa wafadhili alisema "watoto" kwa Kiswahili akapigiwa makofi. Naibu Waziri alisema mtoto ni taifa la kesho, akatazama saa. Kisha mshereheshaji akatangaza sauti ya mtoto, na Nthoki akapitishwa chini ya ile kamba, akapanda jukwaani, akashushiwa kipaza sauti.

"Mheshimiwa Naibu Waziri, wageni waheshimiwa, wazazi wetu," alianza. Sauti yake ilikuwa nzuri kweli, wazi, na kila herufi mahali pake. "Sisi watoto tunaishukuru serikali kwa kututenga katika mipango yake."

Naibu Waziri, aliyekuwa akizungumza na jirani yake, alisikia neno shukrani na neno serikali, akapiga makofi. Jukwaa lote likamfuata.

"Serikali imetutenga mijini. Imetutenga mashambani. Imetutenga katika elimu, na katika afya, na hata katika michezo."

Hapo makofi ya jukwaani yakakutana na sauti nyingine iliyotoka nyuma. Ilianza kama kicheko cha mtu mmoja aliyejaribu kukizuia. Halafu akina mama wakapiga vigelegele, ambavyo hakuna programu iliyovitaja, na Waruguru akasimama juu ya kiti cha plastiki. "Sema, mwanangu," alisema kwa sauti kubwa. "Sema wasikie."

Nthoki alidhani anafanya vizuri. Alinyoosha shingo kama alivyofundishwa na mwalimu wake na kumalizia: "Tunaomba serikali isichoke. Iendelee kututenga leo na kesho, sisi na vizazi vijavyo. Asanteni."

Umati ulilipuka. Watoto waliruka ile kamba. Msaidizi mmoja wa Naibu Waziri aliinama akamnong'oneza mkubwa wake sikioni, na yale makofi ya mheshimiwa yakafa moja moja, mikono ikabaki imetazamana hewani. Mwandishi wa gazeti la Kiswahili alikuwa anaandika haraka huku mabega yakimtikisika. Ngigi aligeuka polepole akatazama bango, midomo ikimtembea, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne akalisoma.

Mutunga alikuwa amesimama kando ya spika. Kwa dakika fupi, Mungu amsamehe, alijisikia furaha ambayo hakuwahi kuisikia katika utumishi wake wote. Kisha macho ya Ngigi yakampata, furaha ikaondoka, na hofu yake ya siku zote ikarudi mahali pake.

*

Jumapili habari ilikuwa gazetini. Jumatatu Ngigi alimngojea Mutunga kwenye ngazi, kalamu nyekundu mfukoni, na akamshika bega kwa upole uliomtisha kuliko matusi.

"Mutunga. Katibu Mkuu anataka kujua nani alikosea."

"Lile bango, mzee..."

"Bango gani?"

Mutunga aliangalia ngazi. Bango lilikuwa limeshuka Ijumaa ileile na hakuna aliyejua lilikokwenda. Nakala yenye wino mwekundu, na ile yenye muhuri aliyoisoma Nthoki, nazo zilikuwa zimetoka kwenye faili. Mtaa mzima uliliona bango hilo, lakini mtaa mzima haukuwa na muhuri.

"Mimi sikukosea," Ngigi alieleza kwa subira. "Na wewe nisingependa useme umekosea, kwa sababu wanatafuta majina ya hiari na ungekuwa umewarahisishia. Lakini kuna mtu alisoma, si ndiyo? Kwenye maikrofoni. Watoto hukosea, Mutunga. Ndiyo utoto. Hakuna mtu anamfuta mtoto kazi. Mlete mchana aombe msamaha, yaishe."

Saa nane mchana Nthoki alikuwa amesimama juu ya zulia la Katibu Mkuu akiwa na sare za shule. Baba yake alikuwa amemtoa darasani, na njiani kote alikuwa amemwambia jambo moja tu, kwamba akubali lolote litakaloulizwa. Nthoki aliuliza kama baada ya hapo baba yake ataomba uwanja. Mutunga alisema ndiyo, leo ndiyo siku yenyewe, kwa kuwa wataonana na Katibu uso kwa uso.

Katibu Mkuu alikuwa mtu wa sauti laini, mwenye miwani na mikono safi. Alimuuliza mtoto jina, na darasa.

"La tano."

"Na Kiswahili unafanyaje?"

"Ninakuwa wa kwanza."

Ngigi alikohoa. Katibu Mkuu aliwatazama wote watatu kwa zamu, na pengine alielewa kila kitu, maana hakuwa mjinga. Lakini kuelewa kungemletea kazi nyingi.

"Hata wa kwanza huteleza," alisema. "Sasa niambie, binti yangu. Siku ile, nani alikosea? Karatasi, au wewe?"

Nthoki alimtazama baba yake. Alimtazama vizuri, kwa muda, akimpa nafasi. Mutunga alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, magoti pamoja, macho yake yamekwama kwenye maua ya zulia. Alitaka kusema. Akaiona nyumba ya serikali, na mashine ya sweta ikiwa nje kwenye mvua, akalimeza neno.

"Ni mimi," Nthoki alisema. "Niliruka herufi."

"Kila mahali?"

"Kila mahali."

"Na unaomba msamaha?"

"Naomba msamaha kwa serikali."

Hewa ya ofisi ililegea. Katibu Mkuu alitabasamu, akasema huo ndio uongozi tunaoutaka kwa kizazi hiki, mtoto anayekubali kosa lake, wako watu wazima wengi wasioweza. Ngigi alitikisa kichwa kwa uchungu juu ya watu wazima hao. Kisha Katibu akafungua kabati lililojaa mipira iliyoletwa na wafadhili, akachagua mmoja, wa ngozi, mpya kabisa, akampa Nthoki kwa mikono miwili kama anampa kikombe cha ushindi.

"Mkacheze," alisema. Akamgeukia Mutunga. "Kuna jambo lingine?"

Lilikuwepo. Nthoki aliukumbatia mpira akangoja. Alikuwa amelipia swali hilo, na alijua amelipia, na hata Ngigi alionekana kujua, kwa sababu alikuwa ameacha kutikisa kichwa. Mutunga alisimama, akafunga kifungo cha koti lake.

"Hakuna, mzee," alisema. "Tunashukuru."

*

Walishuka ngazi. Kwenye kituo cha mabasi Mutunga alijaribu. "Nthoki, mama, kuna vitu ukiwa mkubwa..."

"Nimeelewa, Baba."

"Hukasiriki?"

"Hapana."

Alitaka kumbebea mpira. Nthoki alisema si mzito.

Nyumbani walikuta watu. Kathini alikuwa ameacha mashine, Waruguru alikuwa amekubali kiti siku hiyo, na Wanja alikaa sakafuni na mkono wake wa plasta umelala juu ya mto. Akina mama wengine wawili wa mtaa walikuwa wamesimama karibu na dirisha. Nje, ng'ambo ya mabati, zilisikika nyundo za mafundi wakichonga mawe, maana msingi ulikuwa umekwisha kuchimbwa. Wanja aliuona mpira akapiga ukelele wa furaha, halafu akatazama mkono wake, halafu akatazama dirishani.

"Basi?" Kathini alisema. "Mmemwona Katibu?"

"Tumemwona," Mutunga alisema. "Mambo yameisha. Kazi iko."

"Na uwanja? Umemwomba?"

Mutunga alivua koti, akalitundika, akalinyoosha mabega ambayo hayakuwa na kasoro. "Nimemwomba," alisema. "Amesema wataangalia."

Waruguru hakuonekana kuridhika. Alikuwa ameuza mboga kwa miaka mingi na alijua mtu anayeeleza habari huku amekugeuzia mgongo. Alimpita Mutunga kwa macho, akamwendea mtoto, kwa sababu mtoto hana sababu ya kudanganya.

"Nthoki, wewe ulikuwa ndani. Ni kweli baba yako ameomba?"

Nyundo ziliendelea huko nje. Mutunga aligeuka, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayesubiri kupigwa. Nthoki aliuhamisha mpira kutoka kwapa moja kwenda jingine. Alifikiri kwa muda mfupi sana, mfupi kuliko alivyofikiri ofisini.

"Ni kweli," alisema kwa ile sauti yake nzuri. "Ameomba sana. Wamesema wataangalia."

"Mungu ni mkubwa," Waruguru alisema, akasimama, na wale akina mama wawili wakamfuata nje kwenda kuwaambia wengine. Wanja alibaki akiuzungusha mpira kwa mguu, taratibu, kati ya kochi na meza.

Kathini alimtazama mumewe, ambaye hakuweza kumtazama. Kisha akamtazama binti yake, aliyemtazama bila kupepesa, mtulivu, mwenye adabu, hana neno la kuongeza wala la kupunguza. Ndipo akajua kwamba nyumba yake sasa ina makarani wawili.